Ziwa Lilikuwa Wapi

Dada yangu hakuniomba nimsemee kwa mtu. Aliniomba nimtafutie karatasi. Alipiga simu mchana mmoja, mashine ya fotokopi ikiunguruma dukani kwangu Mbulu mjini, na kwa kuwa kule kwao kwenye tambarare za Hanang mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, alizungumza haraka haraka, upepo ukimkata maneno.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sikiliza. Si wewe unayekaa na makaratasi ya zamani? Tafuta linalosema ziwa lilikuwa wapi."

"Lilikuwa wapi lini?"

"Ningejua lini ningekupigia wewe?" akasema, na simu ikakatika.

Baada ya simu nyingine mbili tatu nikaelewa. Ziwa lililo mbele ya boma lake lilikuwa limejaa kwa misimu kadhaa ya mvua kubwa. Lilikuwa limemeza matete, likameza njia ya ng'ombe, na migunga iliyokuwa nchi kavu ikabaki imesimama majini, imekauka, ndege wakitua juu yake. Sasa halmashauri ilitaka kuufanya ukingo wote uwe hifadhi: ndani ya mita sitini kutoka ukingoni pasiwe na nyumba, shamba wala zizi. Kijijini hakuna aliyeipinga hifadhi yenyewe, maana kila mtu alikuwa ameona udongo unavyomomonyoka. Walichobishania ni wapi ukingo unaanzia. Ukipima kutoka kwenye maji ya leo, boma la dada linaingia hifadhini na lazima aondoke. Ukipima kutoka mahali maji yalipokuwa kabla ya kujaa, boma linabaki nje, tena mbali.

Nyumba haikumsumbua. "Nyumba ni miti na udongo," aliniambia. "Naweza kujenga popote. Lakini shemeji yako yuko pale kando ya zizi. Nikiondoka, namwachia nani?"

Mume wake tulimzika pale kabla maji hayajaanza kupanda. Nilikuwepo, nilishika koleo kwa zamu yangu kama wanaume wengine. Kwa hiyo nilijua anachosema. Sikujua tu kwamba jibu lake lingenichukua muda mrefu kiasi hicho, wala kwamba ningelipata na bado nisijue nimepata nini.

Niseme kidogo kuhusu kazi yangu, maana ndiyo iliyomfanya dada anitegemee. Niliishia darasa la saba kule Nambis. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi iliyopoteza jalada, nikianzia herufi B kwa sababu kurasa za A hazikuwepo. Duka langu la steshenari liko karibu na maofisi, na watu huleta karatasi za kila namna nizitolee nakala. Karatasi ya zamani ikipita mikononi mwangu, huwa naomba ruhusa ya kubaki na nakala moja. Wengi hukubali kwa kicheko. Ninazo kumbukumbu za mvua, orodha za mashimo ya maji, ramani zilizochorwa kwa mkono. Huko nyuma Hanang yote ilitawaliwa kutoka Mbulu, kwa hiyo mambo ya kule tambarare yaliandikwa na kuhifadhiwa huku kwetu kwenye baridi, mbali na ziwa lenyewe. Mimi husoma kila karatasi mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa penseli. Nisichokielewa nakiwekea alama ya kuuliza pembeni, na sivuki mpaka niielewe alama hiyo.

Karatasi za ziwa la dada zilinijazia pembeni alama za kuuliza.

Nilipata mbili zilizofaa. Ya kwanza ilikuwa nakala ya kaboni ya karani wa mifugo wa enzi za mkoloni, wino umefifia hadi kuwa kama zambarau. Aliandika ng'ombe wa sehemu ile walikuwa wakinywa wapi wakati wa kiangazi kikali. Mahali pa kunyweshea alipataja kwa jina la mtu: mzee mmoja mashuhuri, ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wa dada yangu. Jina lake sitaliandika hapa, na sababu itaonekana. Karatasi ya pili ilitoka kwenye kitabu cha kumbukumbu za shule ya msingi ya kule, cha miaka ya baada ya Uhuru. Mwalimu mkuu aliandika kwamba katika kiangazi watoto na akina mama walikuwa wakiteka maji Penye Mafiga.

Majina mawili ya mahali, na ziwa moja. Niliona kazi imekwisha nusu. Nilichobakiza ni kwenda kuonyeshwa sehemu hizo mbili kwa miguu yangu.

Nikapanda basi la asubuhi kupitia Dongobesh hadi Katesh, halafu bodaboda. Dada alinipokea kwa maziwa ya mgando na hakuniuliza habari za nyumbani hata kidogo. "Umeleta?" akauliza. Nikamwonyesha. Hajui kusoma Kiingereza, lakini alizishika zile karatasi kwa kingo, kama mtu anavyoshika picha.

Aliyenitembeza ni mdogo wa marehemu, shemeji yangu mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko fimbo yake. Tangu siku ya kwanza aliniita Mzee wa Karatasi.

"Karatasi yako inasemaje leo?" akaniuliza. "Inasema jua limetoka?"

Nikamwambia nataka anipeleke penye jina la baba yake. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akaanza kupanda mlima. Tulitembea tukaliacha boma la dada chini nyuma yetu, tukapanda mpaka kwenye kilima cha udongo walichomjengea mzee juu ya kaburi lake, kama wafanyavyo kwa watu wazito. Nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Kutoka pale ziwa zima lilionekana, na boma la dada lilikuwa dogo katikati.

"Ndipo hapa," akasema shemeji.

Nikakaa chini. Kama ng'ombe walinywa maji mahali hapa, tena wakati wa kiangazi, basi boma la dada lilikuwa chini ya ziwa, na kaburi la mume wake tumelichimba kwenye sakafu ya maji.

Mchana huohuo nikamwomba dada anionyeshe Penye Mafiga. Akanyoosha mkono kuelekea ndani ya ziwa, mbali, ng'ambo ya migunga iliyokufa. "Kulikuwa kule," akasema. "Nilipoletwa hapa kama bibi harusi, nilikuwa nateka kule. Nilikuwa nalia kwa umbali."

Nikarudi Mbulu na mambo mawili yasiyokaa pamoja. Karatasi moja ililiweka ziwa juu ya boma, nyingine ikaliweka chini kabisa. Zilitengana kwa muda wa mtoto kuzaliwa, kukua na kuoa. Ziwa lingewezaje kushuka mlima mzima katika muda huo? Nikaanza kutafuta kilichoyameza maji. Niliwaza ukataji wa miti kule mlimani. Niliwaza nyufa za ardhi, maana sehemu zetu hizi ardhi hutikisika. Nilipanga kumbukumbu za mvua za misheni na za shule sambamba juu ya meza, nikaona miaka ya mvua ambayo ziwa lilipaswa kujaa likawa limepungua, na miaka ya ukame ambayo lilipaswa kukauka likawa limejaa. Mteja akija kutaka nakala ya cheti cha kuzaliwa, namwomba asubiri. Mke wangu alinikuta siku moja nimesimama katikati ya duka nimeshika rula, mlango uko wazi, watu wanapita.

"Unapima nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesahau.

Dada alikuwa akipiga simu kila siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo alikuwa akipanda kichuguu hata hivyo kuulizia bei ya ng'ombe. Aliuliza swali moja tu: je, atabaki? Nami nilimjibu kwa kirefu kuhusu mvua, mpaka anakata simu.

Kilichonifumbua macho, kama ni kufumbuliwa, ni kosa langu la adabu. Nilikuwa nimerudi kule wiki ya mkutano wa kijiji kuhusu ukingo, na jioni tulikuwa tumekaa ndani kwa dada, yeye akisonga ugali, mke mwenzake mkubwa akichambua mboga, na wake wa shemeji wawili wakiwa wamekaa mlangoni na watoto. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, kwa nini siku hizi hakuna anayenywesha tena pale kwa mzee fulani. Nikalitaja jina.

Mwiko ukasimama. Mke mwenzake akainuka na sinia lake, akatoka. Wale wawili wa mlangoni wakageuza nyuso zao nje. Huko nje nikamsikia shemeji akicheka mpaka akakohoa.

"Wewe!" dada akasema kwa sauti ya chini. "Miaka yote hii nimeolewa huku, umewahi kunisikia nikilitaja jina hilo?"

Nilifikiri. Sikuwahi.

"Wala yeyote humu ndani. Huyo ni baba mkwe wetu. Mwanamke aliyeolewa hapa halitamki, hata maneno yanayokaribiana nalo anayapisha. Na wewe unakuja kulimwaga kama maji ya kuoshea vyombo."

"Niwie radhi, dada. Lakini sasa mnapaitaje?"

"Wapi?"

"Pale. Pa kunyweshea. Wanaume wanapoita kwa jina lake."

Akarudi kusonga. "Tunapaita Penye Mafiga. Tungepaitaje?"

Nilitoka nje bila kusubiri chakula. Shemeji alikuwa amekaa juu ya gogo, anajifuta macho.

"Mahali ni pamoja?" nikamuuliza. "Kwa mzee na Penye Mafiga?"

"Ni pamoja. Sisi tunasema hivi, akina mama wanasema vile."

"Sasa mbona ulinipandisha mlimani?"

"Uliniambia nikupeleke penye jina la baba. Jina lake liko wapi, kama si alipo yeye? Nikakupeleka. Ungesema unataka maji, ningekupeleka kwenye maji."

Sikumkasirikia. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimpa mkono. Karani wa mkoloni alikuwa amewauliza wachungaji, nao ni wanaume. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika alichosikia kwa watoto na mama zao. Walikuwa wanazungumzia kitu kimoja. Ziwa halikushuka mlima wowote. Mimi ndiye niliyelipandisha, kisha nikahangaika kulishusha. Maji yalikuwa chini kule ng'ambo ya migunga, zama za karani na zama za mwalimu vilevile, na boma la dada lilikuwa nchi kavu wakati wote. Nilimweleza dada mara mbili. Mara ya pili alinitazama akatabasamu kidogo, akaenda nje, na nilimwona kwenye mbalamwezi amesimama kando ya zizi, mkono wake juu ya jiwe la kaburi.

Nilikaa na furaha hiyo hadi asubuhi tu.

Asubuhi, siku ya mkutano, nilishuka ziwani kunawa. Akina mama walikuwa wanateka. Pale ukingoni, juu ya tope, kulikuwa na mawe matatu makubwa yamepangwa, ndoo tatu zimetuliwa juu yake ili zisichafuke chini zikisubiri kubebwa. Nikayaangalia yale mawe. Nikajifuta uso nikayaangalia tena.

"Dada," nikasema, "haya ni mafiga gani?"

"Ni mafiga."

"Yale ya kule ndani ya maji? Ya ulipokuwa bibi harusi?"

"Ndiyo hayohayo. Tumeyasogeza."

"Mmeyasogeza lini?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa alianza lini kutembea. "Maji yakija, unayasogeza huku. Yakienda, unayasogeza kule. Ulitaka tutue ndoo wapi?"

"Na zamani? Kabla yako?"

"Nilimkuta mama mkwe anayasogeza."

Nikamkuta shemeji akifungua ng'ombe. Nikamuuliza kama mahali pa kunyweshea pa baba yake palikuwa pamoja siku zote. Akacheka. Akasema baba yake alikuwa ndiye mwenye kupanga zamu za kunywesha, kwa hiyo popote alipopanga zamu palikuwa pake; ng'ombe hawawezi kunywa ardhi kavu kwa ajili ya heshima ya mtu.

Nilikaa juu ya tope na bahasha yangu ya plastiki. Karani alikuwa ameandika kwamba watu walinywesha ng'ombe palipokuwa na maji. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba watu waliteka maji palipokuwa na maji. Karatasi zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyoniambia maji hayo yalikuwa wapi. Dada mwenyewe aliwahi kuteka kule mbali, hilo lilikuwa kweli pia, lakini ni kiangazi kimoja cha bibi harusi mmoja. Na mimi sikujua tena kama ziwa limekuja au limerudi.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilianza kunisumbua palepale kwenye tope. Siku tuliyochimba kaburi la mume wa dada, shimo lilipomfika mchimbaji kifuani tulikuta udongo mweupe, na ndani yake mlikuwa na magamba madogo ya konokono wa majini, mengi, matupu, yanavunjika ukiyagusa. Tuliendelea kuchimba, tulikuwa tunazika. Lakini konokono wa majini hawapandi mlima.

Mkutano ulifanyika chini ya paa la ghala la kijiji. Mtendaji wa kata, mwanamke kijana, aliniamkia shikamoo mbele ya watu wote, kisha akaniuliza maswali magumu. Nilisema nilichokijua kwa mpangilio. Nilieleza karatasi ya karani na kitabu cha mwalimu. Nilieleza kwamba majina mawili ni mahali pamoja, bila kulitaja lile moja, na akina mama walionipa mgongo jana yake wakatikisa vichwa kuniunga mkono. Kisha nikaeleza mawe yanavyosogezwa. Kisha, kwa kuwa niliona siwezi kuacha nusu, nikaeleza magamba ya konokono.

"Kwa hiyo, mzee," mtendaji akasema, "pale kwenye boma maji yaliwahi kufika, au hayajawahi?"

"Yaliwahi."

"Lini?"

"Sijui. Labda kabla hapajawa na mtu wa kuyaona."

"Na wakati wa karani?"

"Sijui."

"Na kabla ya mvua hizi kubwa?"

"Yalikuwa mbali. Mbali kiasi gani, sijui."

"Mzee wa Karatasi!" shemeji akapaza sauti kutoka nyuma. "Umesafiri kutoka Mbulu kuja kutuambia hujui? Hata sisi hatujui, na nauli hatujalipa!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli. Dada hakucheka. Tulipokuwa tukirudi alitembea mbele yangu mpaka tulipovuka korongo, ndipo akasema bila kugeuka, "Mpaka konokono wa kaburini, mdogo wangu? Ilikuwa lazima uwatoe na wao?"

"Waliniuliza ukweli."

"Walikuuliza maji. Hawakukuuliza alichokilalia mume wangu."

Mkutano uliamua kungoja. Mtendaji alisema mstari wa hifadhi hautachorwa mpaka msimu mmoja wa mvua upite na kiangazi chake, na katika muda huo maji yaangaliwe yanavyokwenda, kwa vipimo, na mwenye kuangalia awe mimi, kwa kuwa nilionyesha kwamba nikikosa jibu nasema. Maji yakionekana yanarudi, mstari utashuka nayo na boma litabaki. Yakionekana yanaendelea kuja, dada aanze kutafuta pengine.

Nikachonga mti wa mgunga mnyoofu, nikaupaka rangi nyekundu na nyeupe kama miti ya wapima barabara, nikauchomeka ukingoni kabisa, mahali maji yalipogusa tope siku ile. Akina mama walisimama na ndoo zao wakiutazama. Niliwaeleza kwamba huu mti unaonyesha maji. Wakasema wameelewa.

Niliporudi baada ya mvua za vuli, mti ulikuwa umesimama ukingoni kabisa, mahali maji yanapogusa tope.

Nilifurahi kwa muda mfupi kuliko mara zote. Mvua zilikuwa zimenyesha sana, na migunga iliyokufa ilikuwa imezama zaidi. Niliiona kwa macho. Lakini mti wangu ulisema maji hayajasogea hata kidogo. Nikaushika. Ulikuwa umechomekwa vizuri, umekandamizwa kwa mawe, vizuri kuliko nilivyouchomeka mimi.

"Nani ameugusa?" nikauliza.

"Mti gani? Huo wako?" Dada alikuwa anaosha kibuyu. "Tumeusogeza. Maji yaliufika, ukabaki ndani peke yake. Ulisema unaonyesha maji. Tungeuacha uonyeshe nini?"

Nilimtazama usoni. Alinitazama nami. Dada yangu ni mtu mwenye akili. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za maharage tulipokuwa tukichunga pamoja Nambis. Kama ningeuamini mti ule ulivyosimama, ningemwandikia mtendaji kwamba maji hayajaja, na dada angebaki. Sijui kama aliusogeza kwa mazoea, kama anavyosogeza mafiga, au aliusogeza akijua. Nilifungua mdomo nimuulize. Halafu nikaona kwamba nikimuuliza, atanijibu, na baada ya hapo nitakuwa na jibu lake la kubeba pamoja na mengine yote.

"Nahitaji kitu ambacho hamtakisogeza," nikasema.

"Mti mkubwa?"

"Mtaukata kuni."

"Jiwe kubwa?"

"Mmeshaonyesha mnavyofanya na mawe."

Aliangua kicheko, cha kwanza tangu mkutano. Kisha tuligeuka kwa pamoja kuangalia kaburi kando ya zizi.

Ilibidi kumwita shemeji. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake, na safari hii hakuanza na utani. Alizunguka kaburi la kaka yake. "Alikuwa hapendi kusumbuliwa," akasema. "Lakini alikuwa anapenda ugomvi wa mipaka. Mwache apimiwe." Dada akamwaga maziwa kidogo pale chini na kusema maneno ambayo sikuyasikia.

Nikampigia mtendaji simu kutoka juu ya kichuguu. Nilimweleza kwamba mti umesogezwa, kwamba vipimo vyote vya msimu ule wa mvua havina maana, na kwamba ninaomba kaburi liandikwe kuwa alama ya kuanzia kupima, kwa sababu ndicho kitu pekee katika ukingo wote ule ambacho hakuna mwanamume wala mwanamke atakayekihamisha.

"Likishaandikwa kuwa alama," akasema, "hakuna wa kuligusa, mstari ukija juu au chini. Unajua hilo, mzee?"

"Najua."

"Na atakayelitunza?"

"Yupo," nikasema.

Kuhusu nyumba hakuahidi kitu, nami sikumwomba. Nilipomweleza dada alisema nyumba ni miti na udongo.

Nilikuwa nimeleta futi ndefu ya mafundi. Nilitaka kuifunga kwenye jiwe la kichwani, lakini dada akanizuia. "Usimfunge kamba," akasema. "Nitashika mimi." Akapiga goti, akakibana kichwa cha ile futi kwenye udongo kwa vidole viwili, na mimi nikaanza kushuka nikiuachia utepe, nikipita zizi, nikipita ndama aliyetaka kuutafuna, nikiingia kwenye nyasi na kisha kwenye matete.

Tope likaanza. Mbele kidogo tope likawa na maji juu yake, maji membamba ambayo upepo ukipiga yanakuja mpaka kwenye viatu na upepo ukitulia yanaondoka. Mbele yake kulikuwa na matete yaliyosimama nusu majini. Mbele zaidi, nchi kavu tena, kisiwa kidogo chenye nyasi, kisha ziwa. Nilisimama na utepe mkononi. Sikujua maji yanaanzia wapi: pale yaliponilowesha, au pale yaliponiacha, au ng'ambo ya kisiwa.

"Umefika?" dada akaita kutoka juu, bado amepiga goti.

Niliangalia miguu yangu. Maji yalikuja yakaifunika, yakaondoka.

"Shika hapohapo!" nikamjibu. "Usiachie!"